Mlango wa Kituo cha Angani

Mama mkwe wangu hakuweza kutazama televisheni kimya. Kifaransa hakukijua, na ule mchezo wa watu wanaoishi kwenye kituo cha angani ulisemwa wote kwa Kifaransa. Basi kila Jumapili alasiri nikawa mkalimani wa sebule nzima pale kwetu Kamembe, Rwanda. Mume wangu alikuwa juu ya paa akizungusha antena, maana mawimbi yalitoka ng'ambo, Kongo, nami chini nikipiga kelele, "Hapo! Hapana, rudisha!" huku mama mkwe akinivuta kitenge.

"Ule wa uso wa buluu ni mgonjwa?"

"Hapana, Maman. Alizaliwa hivyo."

"Na mama yake?"

"Sijui, Maman. Hawajamwonyesha!"

Jirani yetu hakukosa kuja. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akarudi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari. Dada yake alibaki kule, na tangu vita vianze upande ule hakuwa amesikia habari zake. Alikaa mkekani akichambua maharage kwenye ungo.

Jumapili hiyo chombo kilichojaa watu waliokimbia vita kwenye sayari yao kilifika kituoni kikaomba mlango. Hewa ilikuwa inawaishia. Mkuu wa kituo akakuna kidevu, akaitisha mkutano.

"Mkutano wa nini?" jirani akasema kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambacho "watu" ni "batu". "Babafungulie batu!"

"Bakifungua, bale bote batakula nini?" mama mkwe akajibu. "Batajaza nyumba ya wenyewe."

Jirani aliweka ungo chini. "Maman, na dada yangu akikuja, mutamuambia vile?"

Akatoka, viatu mkononi.

"Nimesema nini mimi?" mama mkwe akanigeukia. "Nasema ya televisheni!"

Kutoka juu ya paa mume wangu akauliza, "Inaonekana?"

"Inaonekana sana!" nilimjibu kwa hasira, na hapohapo picha ikawa chengachenga. Hatukujua kama mlango ulifunguliwa.

Nilibeba ungo na maharage yake nikaenda kuomba radhi kwa maneno ambayo sikuyasema mimi. Jirani alinisikiliza, akanipa kiti, lakini hakucheka. Siku ya tatu mama mkwe alikwenda mwenyewe. Waliongea nini sijui. Alirudi akinigombeza kwamba chai yangu ni nyepesi.

Jumapili iliyofuata tulikaa mapema sote, na jirani naye. Picha ilikuwa safi kama maji. Yule mkuu wa kituo alikuwa kwenye karamu, anacheza muziki.

"Na bale batu?" jirani akauliza.

Nilitega sikio mpaka mwisho. Hakuna aliyewataja. Hata neno moja! Nilitamani kuitupia ile televisheni kiatu. Watu wazima walikaa mahali wakawatunga wale maskini, wakawaacha mlangoni, wakaenda kucheza muziki.

Dada wa jirani alivuka daraja la mpakani la Ruzizi msimu wa mvua, na watoto wawili, miguu imevimba. Chumba cha jirani hakikuwatosha. Mama mkwe alinung'unika mchana kutwa kuhusu matope yao, kisha akawatandikia watoto kitanda chake na kuwaosha miguu kwa maji ya chumvi, akiwafokea watulie.