Kumi na Sita, Si Kumi na Nane

Tarehe kumi na sita mwezi wa tisa nilimpoteza mdogo wangu kwenye njia ya Butembo kwenda Beni. Msalaba wake uliandikwa kumi na nane. Hasira yangu inatoka kwenye tofauti hiyo.

Alikuwa fundi wa kompyuta. Wakati wa vita ya pili ya nchi yetu, mashine zilizochakaa zilifika Butembo kutoka Kampala zikiwa tupu, naye alizitengenezea sistemu, ile programu inayoamka kwanza mashine ikiwashwa. Wafanyabiashara walimletea codes za sistemu hiyo kwenye diski, yaani maandishi ya asili ambayo sistemu hujengwa nayo. Jenereta ilinguruma, mashine ikajenga, kisha akachoma CD za kuuza. Juu ya kila CD aliandika tarehe kwa kalamu nene nyeusi. Hakuandika siku aliyoijenga. Aliandika tarehe ya zile codes.

Wateja walinuna. Namkumbuka mwenye duka moja la vitenge.

"Ingénieur, tuko mwezi wa nane, unaniuzia ya mwezi wa pili? Unaniona mujinga?"

"Nimeijenga jana, papa. Lakini codes ni ya mwezi wa pili. Makosa yenye balirekebishaka kisha pale, humu yangali bado. Nikiandika jana, utalala ukizani uko salama."

"Basi andika jana, nilale!"

Tulicheka. Mimi nilikuwa nauza maharagwe mbele ya mlango wa mdogo wangu, na nilimwelewa. Maharagwe ya Masereka ya msimu uliopita hayawi mapya kwa sababu nimeyamwaga leo kwenye kikapu.

Mwezi wa tisa shule moja ya Beni, upande wa Ruwenzori, ilimwita kuweka sistemu kwenye mashine zake. Wanajeshi waliotutawala walikuwa wametangaza kwamba njia iko wazi. Asubuhi ya safari nilimsindikiza mpaka kwenye barière, kizuizi chao cha njiani. Askari alipokea pesa ya kupita, akamrudishia mfuko wake wa CD.

"Pita, fundi, njia iko propre, safi kabisa. Kama ni kuogopa, ogopa mvua."

"Yaya, rudi kwa maharagwe yako," mdogo wangu akaniambia. Kwake nilikuwa yaya, dada mkubwa.

Kabla ya saa sita mchana aliuawa njiani. Kesho yake, tarehe kumi na saba, ndipo wanajeshi wakatangaza njia imefungwa. Hakuna dereva aliyekubali kwenda kumchukua upesi. Maiti ilifika Butembo tarehe kumi na nane.

Kwenye matanga alikuja mtu wa bureau yao, ofisi ya wale wanajeshi. Alimsalimu mama yetu, kisha akaenda kusema na seremala aliyekuwa akiandika msalaba. Nilipouona msalaba, nilimfuata pale alipokaa akinywa chai yetu.

"Alikufa tarehe kumi na sita," nikamwambia.

"Mama, sisi tunaandika siku yenye tulimupokea. Donc kumi na nane. Na njia ilikuwa imefungwa. Alikuwa anaenda kutafuta nini?"

Alisema kwa sauti, watu wote wasikie. Baba mdogo akanishika mkono. "Nyamaza. Hawa batu batatumaliza."

Nikarudi kukaa na mama yetu. Wengine waliniambia eti ni siku mbili tu, aliyekufa amekufa. Hapana. Walimfungulia njia wao, wakala pesa yake, na sasa walitaka alale kaburini kama mtu mkaidi aliyejitafutia kifo. Mtu ambaye hakukubali kuweka tarehe mpya juu ya kitu cha zamani, hata mteja alipomwomba! Na chai yetu mtu wao alikunywa. Na sukari akaomba kuongezewa.

Baada ya maziko watu walinawa mikono, wakaondoka. Mimi nilibaki na wembe na kalamu yake nene, niliyoitoa mezani kwake. Nikakwangua ile nane. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikanishika vidoleni. Mbao ilipotokea nyeupe, nikaandika sita.

Seremala alirudi kuchukua chepe yake. Aliangalia msalaba, akaangalia vidole vyangu.

"Mama, bataiona."

"Baione," nikasema.

Akaweka chepe begani, akashuka kilima.