Sensa Iliyovalishwa Gauni

Nakumbuka siku moja kwa mlio wake kabla sijaikumbuka kwa kitu kingine: kng, kng, kng, pete ya dereva Ouma ikigonga kioo cha geji ya joto ndani ya lori la Mama Akoth. Mpaka leo nikisikia chuma kikigonga kioo, bega langu la kushoto linapanda lenyewe.

Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Najua nimekuzidi miaka minane tu, na shule niliachia darasa la nane. Lakini wewe umeingia gereji hii ya Kaloleni juzi, na mimi nimelala chini ya magari haya mpaka mgongo wangu unajua kila jiwe la hapa. Kutangulia si kufika, ni kweli, lakini aliyetangulia anajua shimo liko wapi.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi zamani. Mama Akoth alilinunua kwenye mnada akalipaka rangi ya buluu, lakini ukilikwaruza kidogo tu, kijani cha askari kinachungulia. Maandishi ya dashibodi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu hapa aliyeijua. Sisi tulisoma rangi: buluu ni baridi, kijani ni sawa, nyekundu zima haraka. Lilibeba omena, wale dagaa wa ziwani, za akina mama kutoka ufuo wa Usenge mpaka mjini, na kila mtu alijua jambo moja. Injini ile ikichemka ikapasua kichwa, kile kifuniko kizito cha juu yake, basi. Kisumu nzima hakuna kichwa kingine cha kuifaa, na Mama Akoth alikuwa mjane, hana gari lingine wala kazi nyingine.

Mara ya kwanza lilikuja mshale ukiwa umeganda kwenye nyekundu, hata asubuhi injini ikiwa baridi kama chura. Hapo nilijionyesha. Nilichomoa waya kwenye sensa, kile kidude cha shaba kinachofungwa ubavuni mwa injini kupima joto la maji, na mshale ukaanguka. Nikajua geji haina neno, waya hauna neno, sensa ndiyo imekufa. Mzee Odera, mwenye gereji, aliitikia kwa kichwa. Nikafunga sensa mpya. Na kwa vile sikutaka hata tone la maji lipite, nikaizungushia nyuzi zake ile tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, mizunguko minne, nadhifu kama bandeji ya hospitali. Hakuna aliyenituma. Akilini nilikuwa tayari na gereji yangu, jina langu ukutani kwa rangi nyekundu, magari ya matajiri wa Milimani yamepanga foleni.

Mshale ukalala kwenye baridi. Ouma akafurahi, mimi nikafurahi kumshinda. Nilimwambia injini yenye afya ndivyo inavyokuwa. Mwanangu, nikikumbuka maneno hayo natamani kujizaba kofi.

Wiki haikuisha, lori likarudi likivutwa. Ouma alikuwa na mzigo kamili, mkanda wa feni ukalegea njiani, maji yakachemka, na mshale ukaendelea kulala kama mtoto aliyeshiba. Kilichomwokoa ni pua. Alinusa mpira unaungua, akazima. Tulifungua tukakuta kichwa ni kizima, kwa neema tu.

Mkanda tuliukaza, lakini geji sasa haikuaminika, na hapo ndipo nilipoudhika. Sikujikasirikia mimi, la. Niliikasirikia geji. Nikaing'oa, nikafunga nyingine iliyotoka kwa lori bovu. Mshale ukalala. Nikapitisha waya mpya kutoka mwanzo hadi mwisho. Mshale ukalala. Kila aliyepita akawa profesa: huyu aseme toa themostati utupe, yule aseme betri zimechoka, na mama wa chai akauliza kama lori limewahi kuombewa. Ouma kule ndani, kng, kng, kng. Mama Akoth amesimama kando, mikono kiunoni, huku simu yake ikilia kutoka ufuoni kwamba omena zimekauka na mawingu yanajikusanya.

Nilimwambia Ouma kwamba ile pete nitaikata pamoja na kidole. Akanijibu afadhali kidole, kidole kinajua moto. Nikasema hili si gari la fundi, limezoea amri, litafutieni sajenti.

Mzee Odera aliweka kikombe chake cha uji chini, akaja pole pole vile anavyotembea mpaka unataka kumsukuma. Alichomoa waya wa sensa, akagusisha ncha yake kwenye mwili wa injini. Ouma akapaza sauti kutoka ndani kwamba mshale umeruka mpaka nyekundu.

"Geji inaamka," Mzee akasema. "Waya unapitisha. Sasa nyathina, mtoto wangu, ni nani amelala?"

Nikasema ni sensa, siku hizi maduka yanauza takataka.

"Athi yake iko wapi?"

Athi, mwanangu, ni njia ya umeme kurudi. Na kabla Mzee hajafunga mdomo nilishajua. Sensa ile haina waya wa pili. Hurudisha umeme kwa kugusana na injini, chuma kwa chuma. Niliifungua. Tepu yangu ilikuwa pale, nyeupe, nene, na hapakuwa na uzi hata mmoja uliogusa chuma.

Mzee aliigeuza kwenye kiganja. "Umemvalisha gauni. Bibi harusi mzuri sana, lakini bibi harusi hasemi."

Ouma alicheka mpaka akaegemea usukani. Halafu Mzee akainama karibu yangu, kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia.

"Umepima kila kitu isipokuwa mkono wako, Akinyi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Tulikwangua, tukaifunga uchi na washa ya shaba, kile kipete bapa cha kuzuia maji, tukawasha injini. Mshale ukapanda taratibu, ukakaa kwenye kijani. Mzee alimwambia Mama Akoth neno moja tu, kwamba limepona. Mama akatushukuru sote, na mkono wangu ndio alioushika kwa muda mrefu zaidi. Ero kamano, nyathina, akasema. Lori likaondoka kuwahi mvua, na mimi nikabaki na ile asante mkononi kama kitu cha wizi.

Basi sikia nasaha yangu. Injini iliyofanya kazi lazima ipate joto, kwa hivyo mshale usiopanda kamwe usikufurahishe. Kazi ikikurudia, usianze na kilicho kikuukuu, anza na ulichokigusa mwisho wewe mwenyewe. Na ukikasirika, weka spana chini kwanza, maana hasira hubadilisha vifaa vizima.

Mungu akubarikie mikono, akukawizie sifa mpaka uziweze, akupe mtu wa kukuuliza swali moja lililo sawa. Na ndoto zako usizipunguze, hata ukiwa na grisi mpaka masikioni.

Mimi jioni ile, wote walipoenda, nilikwenda nyuma ya kontena la vipuri, nikampigia Mama Akoth simu, nikamwambia tepu ilikuwa yangu.