Kabula wa Nyumba ya Mwarabu

Enzi zetu pale Ng'ambo, Tabora, mtoto akionekana mbali na kwao, mtu mzima yeyote alimsimamisha na kumuuliza, "Wewe wa nani?" Wenzangu walijibu wakaachiwa njia. Mimi nikijibu, nilitazamwa upya kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wa Bi Zuwena? Zuwena yule Mwarabu?" Ndiyo, huyo huyo. Bi Zuwena fundi cherehani, mke wa Mzee Nasoro fundi baiskeli, wote weupe wenye nywele za kulala, wazaliwa wa Tabora tangu kwa babu zao waliokuja na misafara kutoka pwani. Na mimi Kabula, mweusi tii, Mnyamwezi wa baba na mama, ndiye binti yao.

Mama aliyenizaa alikuwa mpangaji wao wa chumba cha uani. Alikuwa akiuza karanga sokoni. Baba yangu alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya tumbaku na hakurudi. Mama akaugua homa, haikumchukua siku nyingi, akafa nikiwa sijaanza hata kutambaa. Bi Zuwena wakati huo alikuwa akimnyonyesha mwanawe Salim, basi akanipakata na mimi, akanipa ziwa la pili. Ndivyo tulivyokuwa ndugu, kwa dini na kwa kila kitu. Jina langu hakuligusa. Alisema aliyenipa alikuwa na sababu zake.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini Salim akianguka goti linakuwa jekundu na langu halionekani? Kwa nini kitana kinapita kwake kama maji, kwangu kinavunjika meno? Baba alikuwa akiziba pancha, mikono imejaa grisi, anacheka tu. Siku moja mimi na Salim tuliamua kujaribu. Nilijipaka unga wa sembe uso mzima, yeye akajipaka masizi ya sufuria, tukabadilishana nguo na kusimama mbele ya cherehani kuona kama Mama atatuchanganya. Hakuinua hata macho. "Kabula, huo unga ulikuwa wa chakula cha jioni. Salim, nenda kaoge." Tulistaajabu muda mrefu amejuaje.

Maisha yalikuwa matamu jamani. Asubuhi mchakamchaka, ufagio kwapani, kaptula ya Salim ina viraka viwili vya rangi tofauti. Jioni michezo ya rede na kombolela mpaka tuitwe kwa majina yote matatu. Mwezi wa Ramadhani tulipishana uchochoroni na sahani za tambi na vitumbua, na wakati wa kiangazi Mama alitununulia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukavitafuna darasani huku mwalimu akidhani tunarudia hesabu. Watoto wa leo ukiwapa matobolwa wanauliza yana ladha gani ya chipsi.

Nilikuwa darasa la tatu walipokuja wageni. Bibi kizee mrefu, kitenge kimefifia, na mwanamume aliyebeba kuku na kibuyu cha asali. Bibi alisimama mlangoni, akanitazama, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mwangaluka, mayu," Mama alimsalimu kwa Kinyamwezi, kisha akanisukuma taratibu. Mimi nikasema shikamoo.

"Marahaba," alijibu Bibi, na hapo hapo akaketi chini.

Alikuwa mama wa mama yangu, kutoka vijiji vya ndani huko Nzega. Baba alikuwa ametuma salamu kwa kila dereva na kila mchuuzi tangu msiba, lakini marehemu hakuwahi kutaja kijiji chake. Muuza asali mmoja ndiye aliyekuja kusikia sokoni habari za Kabula wa nyumba ya Mwarabu na za mama yake marehemu, akazifikisha.

Baada ya chakula, yule mwanamume, mjomba wangu, akasema, "Tunashukuru kwa malezi. Tumekuja kumchukua mtoto wetu."

Mimi na Salim tulikuwa nyuma ya pazia.

"Mjomba," Baba alisema kwa utaratibu, "huyu ni mtoto wetu pia."

"Wazee wetu walitusimulia," mjomba akajibu. "Msafara wa Waarabu ukipita, mtoto anatafutwa haonekani. Sasa na huyu tumwache?"

Nilidhani Baba atakasirika. Aliinamisha kichwa. "Hayo yalitendeka, siwezi kuyakana. Lakini huyu hatukumchukua, alibaki mikononi mwetu. Na jina lake ni lile lile alilopewa na mama yake."

Sikuweza kujizuia. Nilitoka nyuma ya pazia nikamwendea Bibi. "Mama yangu alikuwaje?"

Hakuna aliyewahi kunijibu swali hilo vizuri, maana Mama alimjua mwaka mmoja tu. Bibi alinishika masikio. "Masikio yake haya haya. Alitembea haraka kama anayefukuzwa. Na maswali! Alitaka kujua nyuki wanalala saa ngapi."

Basi nikataka kujua yote. Nikasema nitakwenda na Bibi. Salim akaanza kulia. Mama akaingia chumbani kukunja nguo zangu. Aliponivalisha ushungi alisema, "Nenda ukaone. Ukichoka kuona, mimi nipo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila pini ilimshinda kufunga, Bibi akaifunga.

Kule kijijini kila mtu alifanana nami. Kwa mara ya kwanza nilipita njiani bila kutazamwa, mpaka nilipofungua mdomo. Kinyamwezi changu kilikuwa cha kusalimia tu. Watoto wakaniita Mwarabu! Nilicheka, kisha usiku nikalia kidogo. Lakini nilionyeshwa mto alimokuwa akioga mama yangu, mzinga aliopanda kuuchungulia akaumwa na nyuki jicho likafunga, na mama mdogo aliyecheka kama yeye. Nilijaa habari za mama yangu, na bado nikamkumbuka Mama.

Mvua zilipokolea, Mama akatokea na Salim, matope hadi magotini. Hakusema amenifuata. Alisema amekuja kusalimia, na asubuhi akaomba jembe. Alipalilia mahindi pamoja na Bibi, mikono ya cherehani ikatoka malengelenge, akayafunga kwa kitambaa akaendelea. Mjomba alimtazama. Jioni alimletea maji ya moto ya kukanda.

Siku ya tatu Bibi alituita sote. "Huyu mtoto ana mama," alisema akimwonyesha Mama. "Na mimi ni bibi yake. Bibi hutembelewa. Shule zikifungwa, namtaka hapa."

"Na mimi?" Salim akauliza.

"Wewe umenyonya na mjukuu wangu. Utakwenda wapi?"

Tukarudi Tabora na gunia la karanga. Likizo zote zilizofuata tulikuwa Nzega, na Salim akaishia kuzungumza Kinyamwezi kunipita mimi mwenyewe.

Bibi ametangulia, na Baba pia. Mama macho yamepungua nguvu, lakini bado ananiuliza kama nimekula. Mwaka huu binti wa Salim alitoka chuo Dar es Salaam na habari mpya: kuna watu unawatemea mate kwenye kichupa, wanakutajia asili yako kwa asilimia. "Shangazi, na wewe upime, tujue tunahusiana vipi!" Nilimwambia akamwangalie kwanza Mama, bibi yake. Akanijibu yuko bize, ana mtandao wa kufungua.

Simlaumu, naye ana hamu ya kujua kama mimi nilivyokuwa. Ila sisi tulipotaka kujua, tulipanda basi, tukala chakula cha watu, tukapalilia mashamba yao, na majibu tukayapata kwa sauti za wenyewe. Leo nikipita Ng'ambo na wajukuu, watoto wanatupita wameinamia simu. Natembea pale taratibu makusudi, nikitamani mtu mzima mmoja anisimamishe aniulize mimi wa nani. Nina jibu refu, na wa kuuliza hayupo.