Lenzi ya Simba kwenye Kona ya Zombo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu Rehema, nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne, nilisimama kwenye kona ya Zombo nimebeba lenzi ndefu kuliko mkono wangu, nikiamini kwamba Kilosa nzima haijapata kuona mpiga picha kama mimi. Kwa upande wa lenzi nilikuwa sahihi, maana nyingine kama ile haikuwapo. Kwa upande wa mpiga picha, ngoja nikusimulie.

Juzi uliniandikia kwenye simu: "Baba mdogo shikamoo, wiki ijayo magari ya mashindano yanapita Zombo. Nikaazime lenzi ya milimita mia nne au ya mia sita?" Marahaba, mwanangu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe halienei kwenye kioo cha simu, na vidole vyangu vimekuwa vinene. Mimina chai, usome taratibu.

Ile picha iliyo ukutani kwa marehemu bibi yako pale Mikumi unaijua tangu utambae. Baba yako yuko kwenye usukani anacheka, na bibi yako kajifunga kanga kiunoni. Usichokijua ni kwamba ile ni picha ya pili. Ya kwanza niliiharibu mimi, na nusura niharibu na maisha ya baba yako.

Wakati huo baba yako alikuwa Saidi tu, rafiki yangu, kijana mwenye mafuta machafu hadi kwenye kope. Alikuwa akitengeneza magari kwenye kiwanja cha kando ya nyumba ya mama yake, na kwa miezi mingi alikuwa ameokoteza vyuma hapa na pale mpaka akaunda gari moja la kushindania. Bibi yako hakulipenda. Babu zake Saidi walikuwa watu wa reli, na yeye alitaka mwanawe ashike kazi inayoeleweka, na kama hakuna, basi jembe. "Fundi ni yule watu wanamjua kuwa ni fundi," alikuwa akisema. "Wewe unacheza na makopo uani kwangu."

Lakini alikuwa mama mwenye haki. Siku mbili kabla ya mashindano alituita wote wawili. Akasema hatakwenda kusimama barabarani, macho yake hayataki kumwona mwanawe akipinduka. Ila mimi nikampigie picha moja pale Zombo, alikozaliwa yeye, aone watu wa kwao wanamwonaje Saidi. Wakimwona fundi, kiwanja ni cha Saidi. Wakimwona mchezaji wa makopo, makopo yataondoka na Saidi atarudi shamba. Hayo ndiyo yaliyokuwa mikononi mwangu, mwanangu: kiwanja cha baba yako, kwa picha moja.

Mimi nilikuwa na kibanda cha picha kando ya barabara kuu, pale malori yanapolala. Picha za pasipoti, za harusi, na zaidi ya zote, za madereva. Dereva wa lori ana desturi yake, na hakubali kuvunjiwa. Mguu mmoja juu ya bampa, mkono juu ya boneti, namba ya gari isomeke, na utingo wake aonekane pembeni. Nilizipiga picha hizo mamia kwa mamia kwa kilenzi changu kifupi cha milimita hamsini, chenye mkwaruzo ukingoni. Nikizifikiria sasa naona kwamba wale madereva walikuwa wamekwisha kunifundisha kila kitu. Sikuwa nawasikiliza, nilikuwa nawaambia tu "tabasamu."

Sasa, katika wiki ile ile, mpiga picha mmoja wa wanyama alifikia nyumba ya wageni jirani yangu. Alikuwa akienda mbugani alfajiri na kurudi na simba waliojaa picha nzima, unahesabu masharubu. Alinipenda, akaniona kijana mwenye bidii, akaniazima lenzi yake ya milimita mia tatu kwa siku ile ya mashindano. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Niliitundika ile lenzi shingoni nikatembea nayo sokoni mara tatu, na sikuwa na cha kununua sokoni.

Kilenzi changu kifupi nikakiacha kibandani, ndani ya droo. Nilikionea aibu.

Basi siku ikafika. Pale Zombo watu walikuwa wamepanga kona nzima, wengine wametoka mashambani na majembe yao, wengine juu ya baiskeli. Mimi nikapanda juu ya kichuguu, mbali na kila mtu, kama nilivyomwona yule mgeni akifanya kwa wanyama wake. Na hapo kuna jambo moja nililolifanya vizuri bila kujua: nilikuwa mahali salama. Likumbuke, nitalirudia.

Saidi alipotokea, Zombo ililipuka. Wanawake walipunga kanga. Mzee mmoja alikimbia sambamba na gari akiita, "Fundi! Fundi Saidi!" Na baba yako, ambaye hajawahi kuwa na akili ya mashindano, akapunguza mwendo kwenye kona, akashusha kioo, akatoa mkono kumsalimia shangazi yake. Mashindanoni, Rehema. Hadi leo anadai angeshinda.

Yote hayo niliyasikia kwa masikio. Machoni kwangu kulikuwa na pua ya gari tu. Nikibonyeza, naona taa. Nikibonyeza tena, naona kofia ngumu. Alipofika usawa wangu na kutoa ule mkono, lenzi ikanionyesha nusu ya mlango, imejaa picha nzima. Nilitamani kurudi nyuma, lakini nyuma ya kichuguu kulikuwa na mtaro. Ningekuwa na kile kilenzi changu mfukoni ningekibadilisha. Kilikuwa ndani ya droo kule Mikumi.

Mbele kidogo gia zikavunjika. Gari likasukumwa hadi uani kwa mjomba wake Saidi, hapo hapo Zombo, likaachwa. Mimi nikapeleka filamu Morogoro kusafishwa. Enzi hizo hukujua umepata nini mpaka wiki ipite, na wiki nzima nilitembea nikijisifu.

Picha zilipokuja nikachagua iliyo bora. Na ilikuwa bora kweli, usinidharau. Kali, tairi linarusha mchanga, vumbi la dhahabu nyuma, hakuna kingine. Nikampelekea bibi yako kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Nimeileta."

"Marahaba." Akaishika, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu. "Huyu nani?"

"Saidi, mama."

"Nitajuaje? Kichwa kiko ndani ya sufuria." Akaigeuza, akaangalia mgongoni kama kuna zaidi. "Na Zombo iko wapi?"

Nikamweleza kwa ujuzi wangu wote kwamba lenzi kubwa ndivyo inavyofanya, inalivuta gari na kuifuta nyuma yake, ndiyo maana linapendeza.

"Watu nao imewafuta?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikutuma ukawafute watu?"

Akaniambia bila hasira kwamba simba anapendeza peke yake kwa sababu hana jirani anayemjua jina, lakini mwanawe si simba. Kisha akasema neno lake ni lile lile. Gari lisirudi uani kwake, na mvua zikianza Saidi ashike jembe. Alikuwa ameomba ushahidi, mimi nikamletea pambo.

Nilikwenda kwa Saidi nikamweleza ukweli, nikilia, sikufichi. Nilitegemea ngumi. Akajifuta mikono kwa tambara, akasema, "Kosa moja haliachi mke. Kesho kutwa nakwenda kulitoa lile gari kwa mjomba nilitafutie pa kuliweka. Twende ukanisaidie kusukuma." Huyo ndiye baba yako. Akikugombeza siku nyingine, kumbuka kwamba hakunigombeza mimi.

Bibi yako naye akasema atakuja, akamwonye kaka yake asigeuze uwanja wake kuwa jalala. Tukaenda watatu. Yule mgeni alikuwa amekwisha chukua lenzi yake na kuondoka, kwa hiyo shingoni nilining'iniza kile kilenzi cha hamsini, na kwenye mkanda wa filamu zilibaki picha chache. Sikuwa na mpango wowote. Nilikibeba kwa mazoea tu.

Tulipoanza kulisukuma gari kuelekea barabarani, kulikokuwa na lori likisubiri kulivuta, watu wakaanza kutoka majumbani. Hatukuwaita. Mwenye mashine ya kusaga akaja na unga mikononi, akamwambia bibi yako, "Dada, huyu mwanao alikesha siku mbili na injini ya mashine yangu. Kijiji kingelala njaa." Mwingine akasema Saidi ndiye aliyefufua pikipiki yake. Shangazi akawa anawasimulia wasiokuwapo namna alivyosalimiwa. Pale kwenye mteremko wa mtaro gari likagoma, watu wakaongezeka, wakaanza kuitikiana, "Fundi! Haya! Fundi! Haya!" Nikamwona bibi yako amesimama pembeni, anatazama mikono ile yote juu ya bodi ya gari la mwanawe. Akaikaza kanga kiunoni. Akaingia katikati yao, akaegemeza mabega.

Nilikuwa hatua nne tu kutoka kwao. Kwa ile lenzi ya simba ningepata kifungo cha blauzi ya mtu. Kwa hamsini niliwapata wote: Saidi kwenye usukani, kichwa wazi, anacheka na kufuta machozi, mama yake nyuma ya dirisha, mwenye mashine na unga wake, na nyumba za Zombo hadi kwenye mashamba. Gari halina mwendo hata kidogo. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga za gari la mashindano, na lilikuwa linasukumwa.

Lori lilipolivuta hadi Mikumi, Saidi akamwomba dereva amshushie gari kwa rafiki mmoja. Bibi yako akamkatiza: "Kwa nini kwa watu? Ana kiwanja." Gereji uliyokulia, mwanangu, ndiyo hiyo.

Sasa nikujibu swali lako. Usidhani nakukataza lenzi ndefu. Ni hodari, na zaidi ya hayo inakuweka mbali, na gari linaloteleza halichagui wa kumgonga. Kwa hiyo kabla hujachagua lenzi chagua pa kusimama, na upande wa nje wa kona usisimame kamwe, hata kama wenzako wote wapo. Panda juu, uwe na pa kukimbilia. Kilenzi kifupi kina ubaya wake: kinakubembeleza usogee, hatua moja, na nyingine, kwa kuwa kwenye kioo gari linaonekana liko mbali. Siku ya mashindano usikikubalie. Kifupi ni cha gereji, cha mahali wanapojiandaa, cha baada ya mbio, cha watu.

Pale kwenye kona, lenzi ya zumu, ya kuvuta na kurudisha, ya sabini hadi mia mbili itakutosha. Mia sita waachie wa simba, labda barabara iwe mbali sana nawe. Usisafirie nyota ya mwenzio. Na gari likipita ubavuni, usilikamate kwa kasi kubwa ya kamera hadi tairi zikasimama, litaonekana limeegeshwa. Punguza, jaribu sehemu moja ya mia na ishirini na tano ya sekunde, ulifuate kwa kugeuka kiuno taratibu, usiache kugeuka hata ukishabonyeza. Utaharibu nyingi. Siku hizi hakuna filamu, haribu tu. Lenzi ifunge kwenye kamera kabla hujatoka nyumbani, maana vumbi la Zombo likiingia ndani ya kamera haliombi ruhusa ya kutoka. Na mtu akitaka picha na gari lake limesimama, usimwekee lenzi pana puani mwa gari, litavimba kama lina jino bovu. Rudi nyuma, tumia ya themanini na tano, umwache aweke mguu juu ya bampa akitaka. Anajua anachofanya.

Lakini kabla ya yote hayo, jiulize picha ni ya nani, na anataka kumwona nani ndani yake. Ukishajua hilo, lenzi itajichagua yenyewe.

Kile kilenzi cha hamsini nimempa baba yako akuletee. Kina mkwaruzo wake, usijaribu kuusugua. Ndani ya kitambaa nimeweka pia ile picha ya kwanza, ya kofia na vumbi. Bibi yako hakuitupa. Aliitunza kwenye Kurani yake miaka yote, na tulipokuwa tunapanga vitu vyake baada ya mazishi niliigeuza nikakuta ameandika mgongoni kwa kalamu ya risasi: "Huyu wanasema ni Saidi." Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha sikuweza tena kucheka.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde na kila gari linalokosa kona, akupe jicho pevu na mkono usiotetemeka, na akujalie picha ambazo hakuna mama atakayelazimika kuandika mgongoni ni za nani.