Skwea Iliyoanguka

Miaka ya tisini ilipoanza, nilikuwa nikifundisha kazi za chuma katika shule moja ya upili karibu na Otonglo. Wanafunzi wangu wa zamani walipopita kunisalimia, lalamiko lao lilikuwa lile lile: chuoni walikuwa wakirudia kukata chuma na kupiga tupa, mambo waliyoyafanya kwangu miaka minne.

Nikachukua daftari, nikaenda chuo cha ufundi kule mjini. Ukurasa wa kushoto niliandika tunachofundisha sisi, wa kulia wanachofundisha wao. Muhula wao wa kwanza ulikuwa kazi yetu tupu. Nikaomba jambo moja: mwanafunzi wa kidato cha nne akifaulu jaribio lao la mikono, akifika chuoni aanzie muhula wa pili.

Mkuu wa karakana, mzee mcheshi aliyefunga miwani yake kwa waya, akasema, "Bwana Mwalimu, niletee mmoja. Akianguka, hilo daftari usilirudishe hapa."

Nikampeleka binti mmoja wa Asembo Bay. Mama yake, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuja naye.

"Huyu akirudia kitu anachokijua, atachoka na shule arudi kwangu sokoni," mama aliniambia getini. "Na mimi sokoni simtaki."

Binti alipewa kipande cha chuma akinyooshe kwa tupa mpaka kila pembe iwe mraba. Akakibana kwenye jiliwa, akaanza, akipima pembe kwa karatasi aliyoikunja mara mbili.

"Chuma si omena, binti," mzee akamtania. "Hukianiki kikajikausha chenyewe."

"Najua, Mwalimu. Omena haziumizi mabega."

Alipomaliza, mzee alikiegemeza kwenye skwea, kipimo chake cha pembe mraba, akakiinua dirishani. Pembe ikiwa sawa, mwanga haupiti kati ya skwea na chuma. Ulipita, uzi mwembamba mweupe.

"Pole, binti."

Mama yake akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Mwalimu, naomba hiyo skwea," binti akasema.

Akaiegemeza kwenye ukingo wa bamba lililonyooka, akachora mstari kwa msumari. Kisha akaigeuza upande wa pili, akachora tena kuanzia alama ile ile. Skwea nzima huchora mstari mmoja tu. Hii ilichora miwili, iliyoachana kama miguu ya bata.

"Imewahi kuanguka," akasema kwa upole. "Nayo ni kama omena, Mwalimu. Lazima uigeuze."

Si kwamba nilikuwa mwalimu hodari. Skwea zetu tatu zilikuwa zimeanguka kwenye saruji mara nyingi mno, kwa hiyo kwetu somo la kwanza lilikuwa kuipima skwea kabla ya kuiamini.

Mzee alifuta miwani, akachora mwenyewe. Mistari miwili tena. Akacheka mpaka akashika meza.

"Yaani nimewagombeza watoto wa watu muhula mzima kwa kosa la hiki kichuma!"

Akaleta skwea mpya kutoka kabatini, akaipima kwanza, ndipo akainua kipande dirishani. Giza. Pembe zote nne.

Akaniomba daftari. Juu ya ukurasa wa kulia, mahali pa somo la kwanza la chuo, akaandika kwa mkono wake: kupima skwea.

"Aanzie muhula wa pili," akasema. "Na wengine walete."

Mama alijifunga leso upya kiunoni. "Haya," akamwambia bintiye, "mimi nitatafuta mtu mwingine wa kunigeuzia omena."