Kosa la Mwerevu wa Sinema

Juzi, mgahawani, televisheni ilionyesha kichekesho cha mume mjinga. Waigizaji walijua kuanguka, ila hadithi haikuwa na kichwa wala miguu. Nikamkumbuka Bibi.

Baada ya mama kuzikwa, baba alinipandisha treni kutoka Tanga hadi Same, kisha tukakwea mlima kwa miguu kutwa nzima mpaka Chome. Bibi, mama yake mama, alinipokea bila kutabasamu. Niliamini hanitaki.

Mchana mmoja lori la sinema likaja shuleni. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, darasa likanuka petroli na jasho. Picha ilihusu wakulima wawili, mjinga na mwerevu. Mjinga alipotumbukia matopeni tulicheka hadi machozi, ila Bibi, aliyeketi kando yangu, hakucheka. Kisha mwerevu akafungua mfereji, akamwagilia shamba lake.

"Wee! Zamu ya nani hiyo?" Bibi alifoka.

"Mama, huyo ndiye mwerevu!" jirani akamwambia.

"Mwerevu gani? Huku angeshatozwa mbuzi kwa kuiba zamu!"

Darasa zima, watu wa kugawana kwa zamu maji ya ndiva moja, bwawa letu la kumwagilia, likaangua kicheko. Bibi naye akacheka, akanishika bega asianguke. Mkono ule haukutoka mpaka picha ikaisha.

Nilidhani pale ndipo tulipotakiwa kucheka. Sasa najua mtunzi wa picha alikosea tu, hakujua kwamba maji yana zamu, na kosa lake ndilo lililokuwa zuri kuliko yote.

Siku nilipoondoka Chome moja kwa moja, Bibi alinisindikiza hadi mferejini.

"Huko uendako, mjukuu wangu, usiwe mwerevu kama yule," alisema, akacheka, mkono wake begani mwangu.