Neno Nililoandika Kwenye Safu ya Chanzo

Mama yangu aliletwa kazini kwangu akiwa hajitambui, na aliyemfungia dawa zake ni mimi. Nesi wa miaka kumi na tisa kazini!

Tulieni, niwape mkasa wenyewe.

Hospitali yetu ni ndogo, mapokezi na vidonda ni chumba kimoja. Kila mwaka watu wa makaa wakifanya ibada yao, nachoka hadi kope. Wanatembea juu ya moto kutimiza nadhiri, halafu wanatuletea nyayo zilizobabuka tuwaoshe na kuwafunga.

Kwenye daftari la wagonjwa kuna safu ya "Chanzo". Wenzangu wanaandika "moto". Mimi nilikuwa naandika "ujinga".

Mwaka jana nesi mwenzangu, tunamwita Mpole, alimwandikia mama mmoja "ibada". Nikaikata kwa kalamu nyekundu, juu yake nikaweka neno langu.

"Hapa hospitali, bwana, si hekaluni."

Akatabasamu, akaendelea kukunja bandeji. Nikajua yameisha.

Mwaka huu wakaja tena. Asubuhi moja namwosha mzee mmoja, uvumilivu ukanishinda.

"Baba, Mungu gani anataka nyayo zako?"

"Hakuzitaka, mwanangu. Nimempa mwenyewe. Mjukuu wangu alikuwa wa kufa, akapona."

"Na ukilemaa je?"

"Kwani nyinyi kwenu hamna mnachompa?"

"Sisi tunafunga na kuomba tu," nikamjibu, pua juu. "Hatujichomi."

Simu ikaita. Dada yangu, kilio kitupu. "Mama kaanguka jikoni! Kapasuka kichwa, haamki!"

Sasa sikieni. Mama ana kisukari. Ilikuwa siku yake ya tatu ya mfungo mkavu, yaani hata tone la maji hagusi, wala sindano yake ya kisukari, ili Mungu anijalie mtoto.

"Nifungie dawa kabatini, mwanangu, nisije nikashawishika," aliniambia.

Nikafunga. Nikasema amina. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa sare yangu wakati namsimanga yule mzee.

Wala haikunijia akilini kwamba ile ni hatari. Kwangu ilikuwa sala.

Alipofikishwa, sukari imepaa, midomo imekauka, damu usoni. Daktari akauliza, "Nani kamwachisha dawa?"

"Mimi."

Akageuka kumwandikia insulini. Afadhali angenitukana.

Wakamtundikia dripu. Mpole akafungua daftari, akafika safu ya chanzo. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa kusubiri, maana neno linalonistahili nililijua.

Akaandika: "Ibada."

"Asante, Mpole," nikasema, machozi yananitoka.

"Usinishukuru, dada. Yule mama uliyemkatia neno mwaka jana ni mama yangu. Alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe. Na kusoma anajua."

 

Mama alizinduka kesho yake. La kwanza kuuliza: "Nani kanitilia maji? Mfungo wangu umeharibika."

Siwaambii moto ni salama, jamani. Kidonda ni kidonda, na dawa ya mtu sifungii tena, hata aniombe kwa magoti. Ila hatari ya wenzangu niliiona toka mbali, ya kwetu nikaiitikia amina.

Mtoto bado sijapata. Jumapili iliyopita nilikwenda kumwomba radhi mama yake Mpole. Alinikaribisha kiti, kisha akaniuliza mama yangu anaendeleaje.